Breki pedi na diski za madukani zinadumu muda gani? Maswali tunayoulizwa kila siku gereji

Haipiti siku bila mtu kuniuliza swali hili. Mmoja anauliza akiwa na boksi la pedi mkononi, mwingine anapiga simu yuko njiani na gari linapiga kelele kila akigusa breki. Kazi ya breki nimeifanya miaka mingi hapa Dar es Salaam, na gari nyingi ninazozishika ni zile zile zilizojaa barabarani: IST, Vitz, Raum, Noah, RAV4, Harrier, X-Trail, Forester. Majibu yaliyopo hapa yametoka kwenye gari hizo na barabara zetu. Nikisema pedi au diski za madukani nina maana ya spea ambazo hazikuja kwenye boksi la kampuni iliyotengeneza gari; za boksi hilo ndizo tunaziita jenuini.

Nipe jibu fupi. Pedi zinakwenda kilomita ngapi?

Pedi za mbele za kampuni nzuri, kwenye gari dogo linaloshinda kwenye foleni za Dar, huwa naziona zikifika kilomita 25,000 hadi 40,000. Anayesafiri mikoani mara kwa mara na haendeshi kwa pupa anaweza kufika 50,000 au 60,000. Pedi za bei ya kutupa nimezitoa zimeisha kabla ya 15,000.

Za nyuma hukaa zaidi, mara nyingi muda mara mbili ya za mbele. Ukifunga breki, uzito wa gari unaangukia mbele, na breki za mbele hubeba karibu asilimia 70 ya kazi. Gari nyingi ndogo nyuma zina ngoma na breki shuu, na hizo hukaa mpaka mtu anasahau kwamba zipo.

Diski nzuri humaliza seti mbili za pedi, nyingine hadi tatu. Kwa hesabu ya kilomita ni kama 60,000 hadi 120,000.

Namba hizo zichukue kama vile mtu anavyokutajia umri wa ndala: inategemea nani anavaa na anapita wapi. Kilomita zinakupa makadirio tu. Kinacholika ni milimita, na milimita zinapimika. Ndiyo maana mteja akiniuliza "zitadumu muda gani", kabla sijajibu natafuta kwanza rula.

Mbona mtandaoni nasoma pedi zinafika kilomita 80,000 na kuendelea?

Zinafika, ila huko zinakofika mtu anaingia barabara kuu asubuhi, anaweka mwendo, na mguu haugusi breki mpaka atoke. Kwetu safari ya Dar kwenda Mbeya ni barabara kuu inayopita katikati ya vijiji. Kila kijiji kina kibao cha 50, kina matuta, kina watoto wanaovuka na bodaboda inayojitokeza bila kuangalia. Unashuka kutoka 80 hadi 50, unashuka tena hadi 10 juu ya tuta, unapanda, kilomita chache mbele unaanza upya.

Kila ukishuka hivyo, nguvu ya mwendo wa gari inageuka joto, na joto hilo lote linaingia kwenye diski na pedi. Gari la kilo 1,300 likitoka mwendo wa 100 hadi kusimama, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha maji ya kawaida karibu lita moja na nusu. Ukisimama kutoka 50, joto ni robo ya hilo, maana mwendo ukiongezeka mara mbili nguvu inaongezeka mara nne. Kwa hiyo anayekimbiza halafu anakanyaga breki karibu na tuta anakula pedi zake kuliko anayeachia mafuta mapema gari likapungua lenyewe.

Mjini kuna jambo jingine. Gari la otomatiki kwenye foleni linajisukuma lenyewe muda wote, na dereva analizuia kwa breki. Kimara hadi Magomeni jioni unaweza kugusa breki mara mia na ushee, na kwenye dashibodi zinahesabiwa kilomita chache tu.

Halafu mzigo. Noah iliyojaza watu wanane na mabegi juu haiwezi kulinganishwa na Noah ya mama anayepeleka watoto wawili shule.

Nitajuaje pedi zangu zimebaki kiasi gani?

Pedi mpya ya gari dogo ina nyama, yaani ile sehemu inayosugua diski, ya milimita 10 hadi 12. Bati la nyuma lisihesabiwe, wengi hukosea hapo. Ikibaki milimita 3, badilisha. Unaweza kuendelea kidogo na breki zikashika, lakini nyama ikiwa nyembamba joto linapenya haraka hadi kwenye pistoni inayosukuma pedi na kwenye fluidi, kimiminika kinachopeleka nguvu ya mguu kwenye breki, na hapo shida inakuwa kubwa kuliko bei ya pedi.

Rimu nyingi zina nafasi ya kutosha kuchungulia kwa tochi ya simu. Tatizo ni kwamba unachokiona ni pedi ya nje. Ya ndani, upande wa pistoni, ndiyo mara nyingi inaisha kwanza, na haionekani mpaka tairi litoke. Kila unapozungushiwa tairi au kufanya servisi, mwambie fundi akuonyeshe zote mbili.

Nina mteja mmoja, dereva wa teksi ya mtandaoni mwenye IST, ambaye amebandika kipande cha selotepu ya karatasi ndani ya kifuniko cha fyuzi. Ameandika kwa kalamu ya wino: "148,200 – 10 mm". Chini yake: "153,200 – 8.9". Hapo kuna kila kitu. Kilomita 5,000 zimekula milimita 1.1. Kutoka 10 hadi 3 kuna milimita 7 za kutumia, kwa hiyo seti yake itakwenda kama kilomita 32,000, na anaijua wiki ya kuweka pesa pembeni. Watu wenye gari za bei kubwa mara kumi hawajui hilo kuhusu gari zao. Kijana huyu hakuzaliwa fundi. Aliomba tu kuonyeshwa namna ya kupima.

Dalili nyingine: pedi nyingi zina kibati kidogo kilichopinda ambacho nyama ikikaribia kuisha kinagusa diski na kulia, kelele nyembamba kama filimbi. Wapo mafundi wanaokivunja ili mteja asisumbuliwe na kelele. Usikubali, hiyo ndiyo kengele yako. Pia tazama kopo la fluidi: pedi zikilika, pistoni zinasogea nje na fluidi inashuka polepole. Ukiona imeshuka usikimbilie kuongeza, angalia pedi kwanza. Ukijaza halafu pedi mpya zikafungwa, pistoni zinarudishwa ndani, fluidi inamwagika na kula rangi ya gari.

Na diski je, inapimwaje?

Zungusha diski, angalia ukingo wake au sehemu ya katikati karibu na nati. Utakuta imechongwa maandishi kama "MIN TH 20 mm". Huo ndio unene wa mwisho unaoruhusiwa. Diski ya aina hiyo kwa kawaida huanza na milimita 22, kwa hiyo umri wake wote ni milimita mbili, moja kila upande. Watu wengi hushangaa ni kidogo namna hiyo.

Diski ikiwa ya baridi, pitisha ukucha kutoka katikati kwenda nje. Ukikuta ukingo umeinuka kama kingo ya sahani, diski imelika, na kimo cha ukingo huo ndicho kilicholiwa upande ule. Ukucha ukikwama kwenye mistari ya duara, jua mchanga au pedi mbovu imeichora. Nyufa ndogo nyembamba za joto juu juu zinavumilika, ila ufa uliofika ukingoni ni wa kubadilisha diski siku hiyo hiyo.

Ni kweli diski nyembamba bado inashika. Lakini chuma kimepungua, joto halina pa kwenda, na pistoni inatoka mbali kuliko ilivyopangiwa. Siku ya kushuka mlima ndiyo utajua.

Jenuini, za kampuni nyingine, za mtumba, na feki. Ninunue ipi?

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu pesa nyingi za watu zinapotelea hapa.

Kampuni za magari hazitengenezi pedi zote zenyewe. Zinanunua kwa watengenezaji wa breki, kama Advics, Akebono, Nisshinbo, Brembo, na wengine. Hao hao huuza spea kwa majina yao. Pedi nzuri ya namna hiyo inadumu sawa na jenuini, na wakati mwingine kuzidi. Kwa hiyo neno "si jenuini" lisikutishe.

Linalotakiwa kukutisha ni pedi isiyo na jina, isiyo na namba yoyote nyuma ya bati, inayouzwa kwa maneno ya "hii kaka ni ile ile". Geuza pedi. Nyuma ya bati la pedi iliyofanyiwa majaribio ya Ulaya kuna herufi E ndani ya duara ikiwa na namba ya nchi, halafu namba inayoanza na 90R. Kanuni hiyo ya 90R inadai nguvu ya kushika ya pedi isipishane na ya pedi za mwanzo kwa zaidi ya asilimia 15. Pedi zenye alama za Kimarekani huandikwa herufi mbili kama EE, FF au GG mwishoni mwa namba. Herufi ya kwanza ni mshiko pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ni mshiko pedi ikichemka. E ni mshiko wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Mimi kwa gari la familia sishuki chini ya FF. Herufi hizo hazisemi lolote kuhusu kudumu, zinasema kuhusu kusimama.

Sasa feki. Boksi linaigwa, hologramu inaigwa, hata harufu ya boksi inafanana. Niliwahi kuletewa Noah ambayo breki ya mbele kushoto ilikuwa inagonga "tak" kila ikishikwa. Nilipofungua kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, nyama ya pedi ilibaki mkononi mwangu na bati likabaki kwenye gari. Gundi ilikuwa imeachia. Nyama yenyewe ilikuwa bado na unene wa milimita 8, na nilipoikwangua kwa ukucha ilitoka unga kama tofali bichi. Mteja alikuwa ameinunua wiki tano kabla, kwenye boksi lenye jina kubwa. Kwa pedi kama ile, suala la kilomita halipo tena.

Kwa hiyo unaponunua: bati la pedi liwe limenyooka na limepakwa rangi sawasawa. Nyama iwe imeshikana na bati bila mwanya hata wa unywele. Pedi zote nne zifanane rangi na unene, na maandishi ya bati yalingane na ya boksi. Omba risiti yenye jina la duka. Muuzaji anayejiamini haoni shida kuandika. Ukiuziwa feki, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia Tanzania, na bila risiti huna pa kuanzia.

Mtumba: diski ya mtumba kutoka Japani inaweza kufaa kama imebaki juu ya unene wa mwisho na haina kutu iliyochimba. Pima hapo hapo dukani. Pedi za mtumba nakukataza kabisa. Hujui zilichemka mara ngapi, na zimezoea diski ya gari jingine.

Seramiki au za chuma?

Pedi za mchanganyiko wa chuma hushika vizuri zikiwa na joto na zinavumilia mzigo, ila zina vumbi jeusi, zina kelele kidogo, na zinaila diski. Seramiki ni tulivu, vumbi lake ni jepesi, hudumu zaidi na diski inapona. Gari la mjini, nachagua seramiki. Gari la kupanda na kushuka milima limepakia, au pikapu ya mzigo, nachagua za chuma na nakubali diski itaondoka mapema. Pedi inayodumu sana kwa sababu ni ngumu kama jiwe ujue inachokitunza ni nyama yake tu. Diski ndiyo inayolipa.

Nimefunga pedi mpya miezi mitatu tu, zimeisha. Nimeuziwa feki?

Inawezekana. Lakini kabla hujagombana na mwenye duka, niambie: zimeisha zote sawa, au moja?

Mwaka jana baba mmoja aliniletea RAV4, akitaka kuelekea Iringa na familia. Alikuwa na hasira na pedi. Nilipotoa tairi la kulia, pedi ya nje ilikuwa na milimita 6. Ya ndani ilikuwa imebaki bati, na bati lilishaanza kuchonga diski, unaona mng'ao wa bluu. Upande wa kushoto zote mbili zilikuwa na 6 na nusu. Hapo pedi haina kosa. Nilichomoa pini za kalipa; ya chini haikutoka kwa mkono, ilibidi nigonge. Ilipotoka ilikuwa imepakwa grisi nyeusi ya bolijointi, imekauka kama lami, na mpira wake umevimba kama chapati iliyochomwa.

Kalipa ya gari nyingi ina pistoni upande mmoja tu. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili ili kuivuta pedi ya nje. Pini ikikwama, kalipa haitelezi: pedi moja inafanya kazi ya mbili na hairudi ukiachia breki. Inasuguana njia nzima, mafuta ya gari yanaliwa, rimu inapata moto, na mwenye gari analaumu pedi.

Dawa yake ni rahisi. Kila pedi zikibadilishwa, pini zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida inavimbisha mipira. Vibati vinavyoshikilia pedi visafishwe kutu kwa brashi ya waya ili pedi iteleze kwa kidole. Kazi hiyo haimalizi nusu saa kwa tairi. Fundi anayetoa pedi za zamani, anasukuma pistoni kwa tindo na kurudisha mpya ndani ya dakika kumi amekuokolea muda, na amekuondolea kilomita elfu kumi.

Ukimaliza safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Rimu moja ikiwa na moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, kuna pini au pistoni imekwama.

Ni lazima kubadili diski kila nikibadili pedi?

Hapana. Diski ikiwa na unene wa kutosha, haijachimbika na usukani hautetemeki, pedi mpya inafungwa juu yake. Ikiwa na mistari au mawimbi na bado ina unene, inaweza kuchongwa kwenye mashine ya lezi. Sharti ni kwamba baada ya kuchongwa ibaki juu ya ile namba ya MIN TH, na diski mbili za ekseli moja zichongwe pamoja. Fundi wa lezi asipokuwa na kipimo, akichonga kwa macho, tafuta mwingine. Diski nyingi za bei nafuu sizichongeshi, maana gharama ya kuchonga na umri unaobaki havilingani na bei ya mpya.

Usukani unatetemeka nikishika breki. Diski imepinda?

Kila mtu anasema imepinda. Mara nyingi haijapinda, ila unene wake haulingani pande zote. Pedi imeacha tabaka sehemu moja zaidi ya nyingine, au diski ilifungwa juu ya habu (kitovu ambacho diski na tairi hufungwa) yenye kutu ikakaa upande, ikawa inagusa pedi mahali pamoja kila mzunguko mpaka ikalika hapo. Kutu ya unene wa karatasi inatosha. Kwa hiyo diski mpya ikifungwa, habu isuguliwe mpaka ing'ae.

Na nati za tairi: wanaotumia mashine ya upepo hukaza mpaka basi, moja sana, nyingine kidogo, na diski inabanwa vibaya. Toyota nyingi ndogo zinataka nyutoni-mita 103, zikazwe kwa mfuatano wa nyota. Kama fundi hana spana ya kipimo, zikazwe kwa mkono na wilispana ya kawaida, bila kupandia kwa miguu miwili.

Nikiona gari limetoka safari ndefu linapelekwa moja kwa moja kuoshwa na maji yanapigwa kwenye rimu za moto, roho inaniuma. Acha lipoe nusu saa.

Pedi mpya zinalia na hazishiki vizuri. Nizirudishe?

Subiri kwanza. Pedi mpya na diski vinahitaji kuzoeana. Tafuta barabara tulivu, endesha 50, shika breki kwa kiasi mpaka 10 bila kusimama kabisa, achia, rudia mara nane hadi kumi ukiacha nafasi ya kupoa katikati. Usisimame na kukanyaga breki zikiwa za moto, zitaacha alama ya pedi kwenye diski. Siku chache za mwanzo achana na mwendo mkali. Pedi zilizoungua mapema kwa haraka zinang'aa kama kioo na hazidumu.

Kelele ikiendelea baada ya kilomita 300 au 400, uliza kama vibati vya kuzuia kelele vinavyokaa nyuma ya pedi vilirudishwa. Vingi hubaki chini ya benchi la gereji.

Nikishuka Kitonga nasikia harufu na breki zinakuwa dhaifu. Pedi ni mbovu?

Pedi yoyote ikipitishwa kiwango chake cha joto inapoteza mshiko. Kitonga, au kutoka Lushoto kushuka Mombo, ukishuka na gia kubwa ukishikilia breki mfululizo, unaunguza kilomita elfu kadhaa za pedi kwa mlima mmoja. Weka gia ndogo kabla hujaanza kushuka, kwenye otomatiki tumia 2, L, S au B kadri gari lako lilivyoandikwa, injini ilizuie gari. Breki shika kwa nguvu kidogo, kwa muda mfupi, achia zipoe.

Na angalia fluidi. Fluidi ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na huku pwani, Tanga, Dar, Mombasa, unyevu haukosekani. Fluidi ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ikinyonya maji inashuka hadi 140. DOT 4 ni 230, inashuka hadi 155. Ikichemka inatoa mvuke, mguu unazama mpaka sakafuni na gari linaendelea kwenda. Ibadilishe kila miaka miwili. Wengi huiita oili ya breki, na jina hilo limeshaharibu gari za watu: nimepokea gari lililojazwa oili ya injini kwenye kopo la breki, na kila mpira wa mfumo ulivimba, kuanzia masta hadi kalipa nne.

Diski zenye matundu na mistari zinadumu zaidi?

Kwa gari la kawaida, hapana. Matundu yanapunguza chuma, na yanakwanguakwangua pedi. Ni za gari linalokimbizwa.

Gari langu ni haibridi. Mnasema hesabu ni tofauti?

Ndiyo. Aqua au Prius inapunguza mwendo kwa mota ya umeme kabla ya pedi kufanya kazi, na nimeona pedi zikivuka kilomita 100,000. Kinachoziharibu ni kukaa bila kazi: diski inashika kutu, pini zinakwama. Fungua na safisha kila mwaka hata kama nyama imejaa. Mfumo wake wa breki una umeme wake, kwa hiyo asiyezijua haibridi asirudishe pistoni kwa kubahatisha.

Asubuhi diski zina kutu ya rangi ya chungwa. Zimeharibika?

Ni chuma cha kalibu, kikilowa usiku kinashika kutu. Ukishika breki mara mbili tatu inafutika. Gari lililokaa wiki nyingi Kigamboni au Masaki karibu na bahari ndilo linalochimbika, na hiyo haifutiki.

Nibadilishe upande mmoja tu ulioisha?

Usifanye hivyo. Pedi na diski hubadilishwa kwa ekseli, kulia na kushoto. La sivyo gari litavuta upande siku utakayoshika breki ya ghafla kwenye mvua.

Fundi wangu hupuliza vumbi la breki kwa kompresa. Kuna ubaya?

Upo, mkubwa, na unanihusu mimi na vijana ninaowafundisha. Pedi na breki shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linasababisha saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Umoja wa Ulaya ulimaliza kuipiga marufuku mwaka 2005, lakini pedi isiyo na jina huwezi kujua imechanganywa nini. Loweka kwa dawa ya kusafishia breki au maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, vaa barakoa. Watoto wasikae karibu.

Niko safarini, nasikia chuma kinasaga chuma. Naweza kufika?

Nyama imekwisha na bati linakula diski. Kila kilomita unayoongeza inaondoa uwezekano wa kuiokoa diski hiyo, na pistoni ikitoka sana inaweza kuvujisha fluidi ukabaki bila breki kabisa. Punguza mwendo kwa gia, usipakie zaidi, tafuta mji wa karibu wenye duka la spea. Mpe fundi namba ya chesisi ili apate pedi sahihi, maana IST mbili zinaweza kuwa na pedi tofauti. Hata kama ni usiku na una haraka, mwambie atoe pini azipake grisi kabla hajafunga, na usimame pale umwone akifanya. Gari likishuka kwenye jeki, pampu breki mara kadhaa mpaka mguu uwe mgumu kabla hujaligusa gia.